Nimehama mara tatu kipupwe hiki: nyumba, marafiki na ubao wa drafti

Mleta uzi

Habari zenu wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, mwenye kikombe cha chai akae nacho karibu.

Nimehitimu mwaka huu wa 2025, shahada ya takwimu, na kati ya Juni na Agosti nimehama mara tatu. Ndugu zetu walio ng'ambo huita miezi hiyo majira ya joto. Kwetu ni kipupwe. Mnaijua Julai ya Nairobi: wingu limetanda tangu alfajiri, sweta hailali kabatini, maji ya kuoga yasipochemshwa hayaguswi. Jiji limekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi huo hautuachi tusahau.

Neno langu ni moja na nalisema mapema, ili atakayechoka njiani awe ameshalibeba. Tukitafuta nyumba ya kwanza baada ya chuo tunauliza kodi ni ngapi, maji yanakuja siku gani, stima ni ya tokeni au la. Hatuulizi: Jumamosi saa nane mchana, nani ataweza kunifikia hapa, na mimi nitamfikia nani? Sikuuliza. Nililipia kosa hilo kwa mwezi mzima wa upweke ambao sikuwahi kuujua, na pesa juu yake.

Hosteli tulikuwa wanne chumba kimoja, vitanda viwili vya dabodeka. Mmoja wa Voi, mmoja wa Kisii, mmoja wa Nyahururu, na mimi wa Machakos. Urafiki wa hosteli hauna nauli. Chumvi ikiisha unanyoosha mkono. Ukilia usiku, wa kitanda cha chini anasikia hata ukijifunika blanketi. Miaka minne sikuwahi kumpangia mtu siku ya kuonana, kwa sababu kuonana kulikuwa sawa na kuamka.

Kilichotuunganisha zaidi, mimi na wa Voi, ni drafti. Baba alinifundisha nikiwa darasa la tano, na nilipoenda chuo nilibeba ubao wake: kipande cha plaiwudi, miraba 64, nusu yake imepakwa rangi nyeusi ya viatu iliyofifia pale vidole vinapopita sana. Kete zetu ni vifuniko vya soda, kumi na viwili kwa kila mmoja. Vyangu hutazama juu, vyake huinama. Kete ikifika mwisho inabebeshwa kifuniko kingine na kuwa kingi, yaani mfalme. Wa Voi alikuja chuoni hajui hata kusogeza. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa ananifunga michezo miwili kati ya mitatu, na huwa haongei akicheza. Hugusa kete kwa ncha ya kidole kimoja, akaiacha, akagusa nyingine, na ukiona amerudi kwenye ile ya kwanza ujue umekwisha.

Kuhama kwa kwanza kulikuwa rahisi. Juni mwanzoni nilienda kwa shangazi yangu mtaa wa Umoja na begi mbili na sanduku la bati ambalo baba alininunulia Kamukunji mwaka 2016 nikiingia kidato cha kwanza. Wanaolijua soko la jua kali la Kamukunji wanajua sauti yake, nyundo mia zikigonga bati kwa wakati mmoja. Sanduku lile lina miaka tisa na bawaba zake hazijalegea. Konda alilitoza nauli ya mtu mzima, nikalipa.

Kwa shangazi nililala sebuleni na binamu zangu wawili. Jioni nilishuka kwa fundi wa viatu pembeni ya ploti, ambaye ana ubao wake juu ya debe. Siku ya kwanza wazee walinitazama tu. Siku ya pili mmoja akasogea kwenye benchi, akaniambia, "Kaa, msichana, tuone." Nilipenda Umoja. Lakini nyumba ya shangazi ni ya shangazi. Ana maisha yake, ana wageni wake, na mimi ni mtu mzima mwenye cheti. Nilipopata kazi ya mkataba Westlands, ya kuingiza na kusafisha data, nikajua ni wakati wa kutoka.

Kabla sijatoka, wa Voi alipata kazi Mombasa. Tulimsindikiza Syokimau, kwenye stesheni ya treni ya Mombasa, mwishoni mwa Juni, tukapanda treni ya abiria kutoka stesheni kuu mjini. Asiyesafiri haingii ndani, kwa hivyo tuliagania nje, karibu na pale mizigo inapopangwa chini kwa mstari ili mbwa wa polisi wainuse. Begi lake lilikuwa la tatu kutoka mwisho, la kijani, zipu imefungwa kwa kamba ya kiatu. Mbwa akapita, hakusimama. Akaliinua, akatukumbatia mmoja mmoja, na akaniwekea mkononi vifuniko vyake kumi na viwili ndani ya soksi. Alisema, "Vikae pamoja na vyako, nikija tusitafute." Tangu mwaka 2017 reli hii imebeba watu wengi sana, na kila mmoja ana waliobaki nyuma wakitazama lile jengo. Siku hiyo tulikuwa sisi.

Naendelea chini.

Mleta uzi

Kuhama kwa pili ndiko kulikonifundisha.

Nilikuwa na hesabu moja kichwani: kodi. Nikapata chumba na jiko lake Joska, Kangundo Road, shilingi 5,500 kwa mwezi. Nyumba mpya, vigae, dirisha kubwa, kisima ndani ya ploti. Mjini kwa pesa hiyo ningepata chumba kimoja cha mabati. Niliona wengine wamelala.

Nilipanga kuhamia Jumatatu, tarehe 7 Julai. Sikufikiria kwamba ni Saba Saba, siku ya maandamano. Siku hiyo polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji, na ingawa mimi sikuwa napita mjini, mwenye pikapu alikataa kuitoa nyumbani, na alikuwa na haki. Nilikaa kwa shangazi na sanduku langu la Kamukunji mlangoni, tukitazama habari. Kamukunji ndiko mkutano wa mwaka 1990 ulikoitishwa, ule wa kudai vyama vingi, uliozaa jina la siku hiyo. Nikahama Jumanne.

Wiki ya kwanza nilifurahia ukimya. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu. Kengele ya simu inalia saa kumi na robo alfajiri. Naondoka saa kumi na moja kasorobo na tochi, matatu hadi mjini shilingi 150, nyingine hadi Westlands 50. Jioni vivyo hivyo. Nafika nyumbani saa mbili usiku, nakula nimesimama, nalala. Mia nne kwa siku, siku 22 za kazi, ni 8,800. Jumlisha kodi: 14,300.

Wakati huohuo bedsita ya Zimmerman ilikuwa 8,500. Matatu hadi Ngara 80, kisha 50 hadi Westlands. Ni 260 kwa siku, yaani 5,720 kwa mwezi. Jumla 14,220. Nilisomea takwimu miaka minne na hesabu hii sikuifanya kabla ya kulipa dipoziti. Nyumba "ya bei nafuu" ilinizidishia shilingi 80 kila mwezi na kunila saa mbili na nusu kila siku.

Lakini si pesa iliyoniumiza. Jumamosi moja, Julai tarehe 19, manyunyu yalianza asubuhi hayakukatika. Wa Kisii anaishi Rongai. Nikampigia, njoo basi, nimenunua maharagwe, nitapika chapati. Akahesabu: Rongai hadi mjini, mjini hadi Joska, na kurudi siku hiyohiyo. Karibu saa tano barabarani na zaidi ya shilingi mia tano. Akanyamaza kidogo, akasema, "Tutapanga."

Sikumlaumu. Neno hilo mimi pia nilikuwa nimemwambia wiki iliyotangulia. Nairobi marafiki hawagombani, wanapangana, mpaka siku moja unaona jina la mtu kwenye simu na hujui uanzie wapi.

Mchana huo niliweka ubao juu ya sanduku la bati, nikatoa soksi ya wa Voi, nikapanga vifuniko vyangu vikitazama juu na vyake vimeinama. Nikacheza pande zote mbili, nikiugeuza ubao kila baada ya hatua. Nilijitahidi kucheza upande wake jinsi ambavyo yeye angecheza, nikigusa kete kwa ncha ya kidole. Upande wake ukashinda. Nilifurahi sana, kisha nikalia, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Jumatatu yake nilimwambia keteka, msimamizi wa ploti, nahama.

Dereva wa Pikapu

Pole sana dada. Mimi kazi yangu ni hii ya kuhamisha watu, Embakasi hadi Ruiru, kwa hivyo niongeze mawili matatu ya kuwasaidia vijana wanaosoma.

Usihame tarehe 30 wala tarehe 1. Siku hizo kila mtu anahama na bei zetu zinapanda. Tarehe 10 hadi 20 utaongea na dereva vizuri. Mkubaliane bei ikiwa na wabebaji ndani yake, tena umwambie ni ghorofa ya ngapi. Wengi wanasema "vitu ni vichache," tukifika tunakuta ghorofa ya tano na hakuna lifti, hapo ndipo ugomvi unaanzia.

Mtungi wa gesi usilazwe, usimame na ufungwe. Kioo kiingie katikati ya godoro lililokunjwa. Vyombo vya udongo vivishe nguo zako, nguo zako si lazima uzikunje kwenye begi, zitumie kufungia. Sufuria ziingizwe moja ndani ya nyingine. Na jambo kubwa: ploti nyingi haziruhusu kuhama baada ya saa kumi na mbili jioni, na mlinzi hakufungulii geti bila barua ya keteka kwamba huna deni. Nimeshalala na mzigo wa mtu garini kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Mkazi wa Joska

Mleta uzi, dada yangu, nakupinga kwa upendo. Mimi niko Joska mwaka wa sita, nina watoto wawili. Nilitoka Pipeline, ambako nguo zilikuwa zinakaukia ndani kwa sababu jengo la jirani liko mita mbili na jua halifiki. Huku wanangu wanakimbia. Nina kuku, nina sukuma wiki nyuma ya nyumba, na Jumapili jirani ananiletea ndizi bila kuulizwa. Wewe ulikaa wiki tatu na siku chache. Mtaa haujulikani kwa wiki tatu, tena kwa mtu anayetoka kabla ya jua na kurudi baada ya jua. Majirani zako hawakukukataa, hawakukuona.

Naomba usiwaandikie vijana kwamba kwetu ni upweke.

Mleta uzi

Dada wa Joska, umesema kweli na nimeisoma mara mbili. "Hawakukuona" limenigusa mahali penyewe. Sikuwahi kumbishia hodi jirani hata mmoja. Wewe una wako hapo, na mahali penye wako ni mjini hata kama ni mbali na mjini. Mimi wangu walikuwa Rongai na barabarani. Nimekosea kuandika kana kwamba kosa ni la mtaa. Kosa lilikuwa kuchagua nyumba kwa namba moja tu.

Waliouliza kuhusu dipoziti: ilibaki. Mkataba ulitaka notisi ya mwezi mmoja nami nilitoa siku kumi na mbili. Iliuma, lakini niliweka sahihi mwenyewe. Someni karatasi kabla ya kulipa, na msilipe mtu "ada ya kuonyeshwa nyumba" kabla hamjaiona nyumba yenyewe. Nilipokuwa natafuta Zimmerman, ajenti mmoja alichukua 500 yangu, akanionyesha chumba ambacho tayari kilikuwa na mtu ndani anapika. Baadaye nilitembea mwenyewe mlango kwa mlango Jumapili mchana, nikiuliza walinzi getini na mama mboga. Mama mboga anajua nani anahama kabla keteka hajajua, kwa sababu anayehama huja kulipa deni lake la nyanya.

Mzee wa Kaloleni

Binti yangu, nimekusoma nikiwa nimeketi chini ya mti ambao tumechezea drafti tangu nikiwa kijana. Mtaa huu wetu ulijengwa miaka ya 1940, nyumba fupi za mawe zenye uwanja wa pamoja katikati. Uwanja ule ndio uliotulea. Mtu akitoka kazini alipita hapo kwanza, hata kabla ya kuingia kwake. Leo naona maghorofa yanajengwa hadi ukutani, hakuna mahali pa kuweka hata benchi la watu wanne. Halafu tunawauliza vijana kwa nini wanakaa na simu.

Nikuambie tulivyokuwa tukitumia Jumapili. Asubuhi kanisa, mchana City Stadium, Gor Mahia na AFC Leopards. Wewe ukiwa wa Gor na shemeji yako wa Leopards, mnaenda pamoja, mnarudi pamoja, mmoja ananyamaza njia nzima. Nauli hatukuhitaji, ni mwendo wa miguu. Mwaka 1987 Gor walipochukua Kombe la Washindi la Afrika huku Kasarani, sisi hatukulala.

Na kama unapenda kusoma, maktaba yetu ya Kaloleni imekarabatiwa vizuri, na ya Makadara vilevile. Njoo uone watoto wanavyojaa Jumamosi. Ukija, uliza mti wa drafti. Hakuna asiyeujua.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nitakuja, na nitakuja na ubao wa baba.

Umetaja Kasarani na hapo ndipo hadithi ya kuhama kwa tatu inapoanzia. Nilihamia Zimmerman Jumamosi, tarehe 2 Agosti. Bedsita ndogo kweli. Kitanda, jiko la gesi na sanduku la bati vikikaa, mlango unafunguka nusu. Nilikuwa bado natafuta pa kuanika taulo wakati wa Kisii alipobisha hodi. Hakuwa amepanga. Alikuwa amekuja na sufuria mbili, shuka na habari kwamba kesho yake CHAN, mashindano ya soka ya Afrika, inaanza kwa Harambee Stars, timu yetu ya taifa, hatua chache kutoka kwangu, na tiketi zetu ameshazinunua kwenye simu.

Jumapili ile tulitembea. Kupanda daraja la miguu la Roysambu, chini yake Thika Road imejaa honi, mbele yetu mstari wa watu wenye jezi nyekundu usioonekana mwisho. Mtoto mmoja alikuwa amebebwa mabegani na baba yake, uso wote umepakwa bendera, anapuliza vuvuzela kwenye sikio la baba na baba haoni shida. Austin Odhiambo alipowafunga DR Kongo, nilikumbatiwa na mama nisiyemjua ambaye kilemba chake kilinivukia kichwani. Nilikuwa na siku moja tu katika mtaa ule, na tayari nilikuwa na watu elfu kadhaa wa kurudi nao nyumbani kwa miguu.

Morocco tuliwatazama kwenye kibanda cha chai chini ya ploti yangu. Ryan Ogam akafunga, kisha tukabaki kumi uwanjani, na kipindi chote cha pili mwenye kibanda hakuuza hata kikombe kwa sababu alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni. Hapo ndipo nilipomjua mlinzi wa ploti yetu. Mtu wa Vihiga, mpole, na siku ya pili nikamkuta getini na ubao wa drafti uliochorwa kwa makaa kwenye kipande cha katoni. Nikateremka na wa kwangu. Tangu siku hiyo nikitoka kazini kuna mchezo mmoja kabla sijapanda ngazi. Ana mtindo wa kutoa kete mbili kafara ili ale tatu, na nimeumizwa nao mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Tarehe 22 Agosti Madagaska walitutoa kwa matuta, 4-3, baada ya sare ya bao moja. Tuliporudi, daraja lile lile halikuwa na sauti isipokuwa viatu. Wa Kisii alilala kwangu, wawili kwenye kitanda cha futi tatu na nusu. Hatukuzungumza sana. Asubuhi akapika uji wa wimbi, akaenda zake Rongai, na nilipofunga mlango sikuhisi kwamba ameondoka.

Mgeni wa Rongai

Nimefuata uzi huu kimya tangu juzi. Mimi nimetoka Homa Bay mwezi wa saba, nimemaliza chuo mwaka huu pia, nimepanga Rongai kwa sababu ndiko nilikopata. Simjui mtu. Kazi nafanyia nyumbani kwa kompyuta, kwa hivyo kuna siku natambua jioni kwamba sijatoa sauti tangu asubuhi. Nilikuwa napenda sana kuimba kwaya kijijini. Sijui nianzie wapi na sitaki kuonekana mwenye shida.

Mleta uzi

Ndugu yangu, asante kwa kuandika. Kutoa hayo mbele ya watu si kazi ndogo, na humu hakuna anayekuona mwenye shida. Siku yako isiyo na sauti naijua, niliishi nayo Joska.

Nikwambie kilichonisaidia mimi, si kwamba ndiyo dawa. Nilianza na kile nilichokipenda, watu wakaja nyuma yake. Sikutafuta rafiki kwa fundi wa viatu, nilitafuta mchezo. Wewe unaimba. Rongai kuna makanisa kila baada ya hatua hamsini na karibu yote yana kwaya, na kwaya nyingi hulilia sauti za kiume. Nenda siku ya mazoezi, katikati ya wiki, usiende Jumapili. Jumapili utapewa kiti cha mgeni na kupigiwa makofi, halafu utarudi nyumbani. Siku ya mazoezi utapewa karatasi ya nota na mtu wa kushiriki naye.

Na toka nje kwa saa moja kila siku, hata kama ni kununua kitunguu. Nunua kwa mama yuleyule kila siku. Wiki ya pili atakuuliza jana ulikuwa wapi.

Tena, mimi na wa Kisii tumeweka siku. Si "tutapanga." Ni Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa nane, Arboretamu, ile bustani ya miti, mvua inyeshe isinyeshe. Tulichagua pale kwa sababu wa Rongai na wa Thika Road wote wanashukia mjini, na kutoka mjini ni mwendo wa miguu, ukipita Uhuru Park na kupanda kuelekea State House. Kiingilio ni kidogo. Miti ile ilianza kupandwa mwaka 1907, kujaribu aina zitakazofaa kuwa kuni za treni, kwa kuwa injini za wakati huo zilikula misitu. Treni zikaacha kuni, miti ikabaki, na leo watu wanatandika shuka chini yake, wengine wanasali, wengine wanasoma. Sisi tunakaa karibu na mto, upande ambao tumbili hawasumbui sana. Chakula kifungeni vizuri. Njoo. Wa Kisii atakuonyesha matatu mpaka uzoee.

Mzee wa Kaloleni

Kijana wa Homa Bay, nenda. Na mkimaliza Arboretamu siku moja nendeni Karura. Mimi nakumbuka Januari 1999, Profesa Wangari Maathai alipopigwa akaumizwa kichwani kwa sababu alikwenda kupanda mche katika msitu uliokuwa unagawanywa. Leo vijana wanaendesha baiskeli mle na kuona maporomoko. Kila nikipita geti lile huvua kofia.

Mkazi wa Joska

Mleta uzi, nimekusamehe. Jumamosi isiyo ya Arboretamu uje huku, nikuchinjie kuku. Uje na huo ubao, mume wangu anajidai sana.

Mleta uzi

Dada, nimekubali, na nitabisha hodi kwa yule jirani wa mlango wa pili ambaye sikuwahi kumsalimu.

Wengi wameuliza kuhusu wa Voi. Tulipata njia wiki iliyopita. Miraba myeusi ya ubao iko 32, tumeipa namba moja moja kutoka juu hadi chini, yeye amenunua ubao Mombasa sokoni na mimi nina wetu. Kila mmoja anaandika hatua yake kwenye simu, mwenzake anaisogeza kwake. Hatua moja kwa siku, mbili siku za mapumziko. Wa Nyahururu, ambaye bado anangoja TSC, tume inayoajiri walimu, huku akimsaidia mama yake kuvuna viazi, ameomba awe mwamuzi na anaandika kila hatua kwenye daftari.

Jana usiku nilifungua na 11 kwenda 15. Leo saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa kwenye matatu karibu na Pangani, akajibu: 22 kwenda 18. Amejiweka mbele yangu makusudi na sheria inanilazimisha nile. Akinirudishia atakula kwa 25 au kwa 26, na nimemjua miaka minne lakini bado sijui ni ipi. Ubao uko juu ya sanduku la bati, vifuniko vyake vimeinama. Nikitoka kazini nitakaa chini niutazame vizuri kabla sijamtumia.